Kale na Kisasa, Uso kwa Uso

Tangazo la kwanza lilibandikwa kwenye mbao za makanisa, kwenye vioo vya saluni na mlangoni mwa ukumbi mmoja wa mjini Mwanza. Liliandikwa kwa herufi za bluu: JIONI YA MUZIKI WA CHUMBANI. Aliyelitunga ni Tereza. Chuoni Dar es Salaam mhadhiri wao alikuwa akitumia maneno hayo kila siku, kwa maana ya muziki unaopigwa na watu wachache, bila kondakta wa kuwaongoza, mahali ambapo msikilizaji wa nyuma kabisa bado anaviona vidole vya mpigaji. Darasani hakuna aliyewahi kucheka. Mwanza walicheka, na katibu wa parokia akampigia simu.

"Binti, lile tangazo lako la mambo ya chumbani tumelibandua."

"Shikamoo katibu. Si mambo ya chumbani. Ni muziki."

"Marahaba. Hata kama ni muziki. Wa chumbani ubaki chumbani."

Siku ya onyesho walikuja akina mama wengi waliovaa sare ya kitenge, kama watu wanaokwenda kumfunda bibi harusi. Walisikiliza fidla mbili, viola na chelo kwa adabu, na ulipofika wakati wa kupumzika mmoja wao alimfuata Tereza akamuuliza somo linaanza saa ngapi.

Wapigaji walikuwa wanne. Mwanaheri, mwalimu wa muziki katika shule moja ya kulipia, alipiga fidla ya kwanza. Binamu yake Faisal, aliyeuza vitambaa dukani kwa baba yake, alipiga fidla ya pili. Ukoo wao ulikuwa na wapiga fidla wa taarabu tangu babu yao alipohamia Mwanza kutoka Tanga. Nathaniel alifanya kazi katika kiwanda cha samaki, na chelo, ile fidla kubwa inayosimamishwa kati ya magoti, alikuwa amejifunza seminarini kabla hajagundua kwamba hakuitiwa upadri. Tereza, mdogo kuliko wote, alipiga viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Faisal aliiita fidla yenye mafua.

Mpango wao ulikuwa kupiga kila mwezi mahali papya, na kila mara kuweka kazi ya kale karibu na kazi ya leo. Upande wa kale walikuwa na kazi ya Mwaustria aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na taarabu za zamani ambazo Faisal alizinakili kutoka kwenye kanda za baba yake. Upande wa leo walikuwa na kazi za watu walio hai: mmoja wa Kampala, mmoja wa Nairobi, na Tereza mwenyewe.

Kazi ya Tereza iliitwa Pantoni. Miaka yote ya sekondari alivuka ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi kwenda shule ya bweni upande wa Sengerema. Safari moja injini ya pantoni ilizimika katikati ya maji, na watu wote waliokuwamo wakanyamaza, hata mchungaji aliyekuwa akihubiri, hata ng'ombe waliokuwa kwenye lori. Kisha injini ikawaka tena, na kila mtu akaendelea na alichokuwa akikisema. Sasa daraja limefunguliwa na magari yanapita juu bila kusubiri. Tereza hakuwa na huzuni yoyote kuhusu pantoni. Alichotaka ni kuuandika ule ukimya. Chelo ilianza kwa mngurumo wa chini, fidla zikaja juu yake kama mazungumzo ya abiria, viola ikapita katikati, na ilipofika nusu wote wanne waliinua hewani pinde zao za kupigia wakatulia. Baada ya hapo injini ilirudi na kipande kikaenda ng'ambo.

Shida ilikuwa moja. Hakuna aliyewahi kukisikia kipande hicho hadi mwisho.

Mara ya kwanza, pale mjini, mgeni rasmi alichelewa. Aliingia wakati chelo inanguruma, na mshereheshaji akakata muziki ili kumkaribisha, kumtambulisha, kuwatambulisha alioongozana nao, na kumwomba aseme neno. Neno lilipokwisha ilikuwa zamu ya tenzi. Mara ya pili ilikuwa ukumbi wa wafanyakazi huko Nyakato. Huko walifika salama hadi kwenye ukimya. Wapigaji wakainua pinde zao, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mshereheshaji akashukuru, akatangaza kwamba soda ziko nyuma, na watu wakanyanyuka. Waliopita mbele walimshika Tereza mkono wakamwambia nzuri sana, nzuri sana, hongera.

"Wananipongeza kwa nusu," alimwambia Mwanaheri walipokuwa wakifunga masanduku.

"Nusu yenyewe ilikuwa nzuri."

"Dada, sitaki nzuri. Nataka mtu aniambie kama ni muziki au ni mazoezi yangu ya chuoni. Na hawezi kuniambia kama hajafika mwisho."

Mwanaheri alifunga sanduku lake. Mume wake alikuwa amehamishiwa Dodoma, na wote wanne walijua kwamba baada ya onyesho lijalo, la Kisesa, angemfuata. Fidla ya kwanza ya Pantoni ilikuwa ngumu, na Mwanza nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuipiga. Kisesa ingekuwa mara ya mwisho.

Jina jipya la mfululizo lilitoka kwa Faisal. Alisema watu wa Mwanza hawaendi mahali wasikojua watakwenda kuona nini, na kwamba maneno ya chumbani yangewafuata hadi kaburini yasipobadilishwa. Akaandika kwenye karatasi ya kufungia vitambaa: KALE NA KISASA, USO KWA USO.

"Kama Simba na Yanga," alisema Nathaniel.

"Ndiyo maana watakuja."

Tereza aliyapenda maneno hayo kwa sababu yake mwenyewe. Aliona muziki wa zamani na muziki wa sasa umeketi kwenye viti viwili, unatazamana kwa mara ya kwanza, kila mmoja ukijiona kwenye macho ya mwenzake. Alichapisha matangazo akaenda nayo Kisesa.

Kisesa iko barabarani, ukitoka Mwanza kuelekea Magu. Tereza alikuwa na damu ya huko, lakini alikulia Nyakato katika nyumba ya sala ambamo ngoma hazikuzungumzwa, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Alipouliza nani angeweza kusimamia upande wa kale, kila mtu alimtaja Shimba, mkulima wa pamba na kiongozi wa kundi la bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe mikononi. Alimkuta nyumbani kwake. Mkewe, Sabina, alikuwa kando yake akikata viazi vya kuanika.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mayu. Karibu," alisema Shimba, akimwita mama kwa Kisukuma.

Alilisoma tangazo polepole, akarudia.

"Uso kwa uso."

"Ndiyo baba. Nyinyi kale, sisi kisasa."

"Na nyinyi ndio mnaotuita sisi."

"Ndiyo, sisi ndio tunaowaita."

"Uwanja mmoja?"

"Uwanja mmoja."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja kabisa. Hiyo ndiyo maana yake."

Shimba akamtazama mkewe. Sabina akaacha kukata.

"Na fundi wenu nani?"

"Hatuna fundi, baba. Sisi tunapiga kavu."

"Kavu?"

"Mikono yetu tu."

Sabina akacheka, akamwambia mumewe kwa Kisukuma kwamba mtoto huyu ana dharau ya kutosha watu watatu. Tereza naye akatabasamu, kwa sababu mama alikuwa akicheka.

Kwa Tereza fundi alikuwa mtu wa spika na nyaya, na kupiga kavu kulikuwa kupiga bila vipaza sauti. Kwa Shimba fundi alikuwa mtu wa dawa. Kundi likiliita kundi lingine uso kwa uso, yote mawili hupiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi isipokuwa miguu ya watu. Watu wakivutwa huku, huku kumeshinda. Kwa hiyo kila kundi huja na fundi wake, na fundi huja na dawa ya kuvuta watu. Katika miaka yote ya Shimba hakuna kundi lililowahi kumfuata nyumbani kwake na kumwambia kwamba litamshinda bila dawa. Alimpa Tereza mkono, akamkubalia, na siku ileile akaanza kuwafanyisha watu wake mazoezi upya.

Siku ya onyesho walikwenda kwa gari la kukodi aina ya Noah, chelo imelazwa juu ya magoti ya watu watatu. Mavuno yalikuwa yamekwisha, vumbi lilikuwa jepesi, na uwanja wa karibu na mnada ulikuwa umejaa kuliko ukumbi wowote waliowahi kupiga. Nathaniel aliuliza kama kuna mkutano wa siasa.

"Ni sisi," alisema Faisal. "Niliwaambia."

Waliwekewa turubai upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili, umbali wa kurusha jiwe, kundi la Shimba lilikuwa limejipanga kwa majembe, njuga na ngoma. Tereza aliona ni mpangilio mzuri. Walikaa, wakafungua masanduku, wakaanza kukaza nyuzi. Faisal akatoa kipande chake cha utomvu mgumu wa rangi ya kahawia, kile ambacho kila mpiga fidla hupaka kwenye nywele za upinde ili zishike uzi, akakisugua mara kadhaa huku akitazama watu. Mwanaheri akafanya hivyo hivyo, kisha Tereza, kisha Nathaniel.

Watu waliokuwa mbele walipunguza sauti.

"Si walisema hawana?"

"Wanayo. Ile pale. Wanapaka wote."

"Wanaipaka kwenye upinde?"

"Basi ni ya kurusha."

Habari ilivuka uwanja haraka. Shimba aliisikiliza bila kubadilika uso, akamwita mkewe kando.

"Wametudanganya. Nenda kasimame karibu nao. Uangalie ile dawa wanaiweka wapi na inafanya nini. Usirudi mpaka umejua."

"Na ikinivuta?"

"Wewe huvutwi. Mimi mwenyewe nilikuvuta miaka mitatu."

Sabina akajifunga khanga vizuri akavuka.

Wale wanne walianza na Mwaustria. Walipiga mwanzo wake, unaokwenda kama watu wanaosalimiana mlangoni, na kabla salamu hazijaisha ngoma za Shimba zikalia. Tereza alidhani wanajaribu ngozi. Akaendelea. Ngoma zikaongezeka, njuga zikaingia, majembe yakapaa na kushuka pamoja, na watu waliokuwa wamesimama mbele ya turubai wakaanza kugeuka. Hawakuondoka kwa aibu kama watu wa mjini, waliozoea kuinama wakipita mbele ya viti. Waliondoka wakiwa wima, na wengine waliwapungia wapigaji mkono.

Mwanaheri akashusha upinde. Tereza akaweka viola kwenye kiti, akavuka uwanja mzima mbele ya watu hao wote hadi alipokuwa Shimba.

"Baba, zamu yenu bado."

"Zamu gani?"

"Tulisema sisi kwanza, halafu nyinyi."

"Hatukusema hivyo, mayu. Ulisema uso kwa uso. Nikakuuliza kwa pamoja, ukasema kwa pamoja kabisa." Shimba alikuwa akizungumza huku mguu wake ukiendelea kupiga njuga. "Hakuna zamu. Nyinyi mnapiga kule, sisi huku. Watu wataamua."

"Amekuja kujisalimisha," alisema mchezaji mmoja, na waliokuwa karibu wakacheka.

"Rudi kwenu upige, dada," alisema mwingine kwa upole zaidi. "Unazidi kupoteza watu ukiwa hapa."

Tereza alisimama kidogo. Aliona jinsi watu wanavyotembea, wanavyosimama katikati wakisikiliza huku na huku, kisha wanachagua. Akaelewa alichokuwa amekiandika kwenye tangazo. Akarudi akawaeleza wenzake.

"Tufunge," alisema Nathaniel. "Tumeshapigwa. Hata kama tungekuwa na spika, wale wana ngoma saba."

"Hatufungi," alisema Faisal. "Nipeni mimi. Nikianza ile taarabu ya harusini, ile ambayo baba anasema iliwatoa watu kwenye foleni ya sukari, nusu ya uwanja naihamisha. Nawajua hawa. Akina mama watakuja wote."

Ilikuwa kweli na wote walijua kuwa ni kweli. Tereza aliutazama uwanja. Mbele ya turubai walikuwa wamebaki wachache: wanawake wawili wenye beseni za karanga, mwanamume aliyeegemea baiskeli yake, wazee watatu ambao pengine walikuwa wamefuata kivuli, na mama aliyesimama karibu kuliko wote, ambaye Tereza alimtambua kuwa ni mke wa Shimba.

"Sema wewe," alisema Mwanaheri. "Mimi Jumatatu sipo."

"Tupige Pantoni."

"Hawatasikia kitu," alisema Faisal. "Kile kipande ni cha kunong'ona."

"Anayetaka kusikia atasogea."

"Na wakiondoka?"

"Si wameshaondoka."

Faisal alimtazama, akaupaka upinde wake utomvu tena, na Sabina akasogea hatua moja ili aone vizuri.

Chelo ikaanza. Kwa mtu aliyekuwa mbali ilionekana kama Nathaniel anasugua tu, maana ngoma zilifunika kila kitu. Mmoja wa waliokuwa wakipita alisema wanakwangua ukoko wa sufuria. Lakini kadiri mtu alivyokaribia turubai, mngurumo ulianza kutengana na ngoma, chini yake kidogo, na ukishausikia mara moja haukupotea tena. Mwanamume wa baiskeli aliisogeza baiskeli yake. Wauza karanga walitua beseni zao chini. Wazee, waliokuwa na masikio mazito, waliinuka kwenye kivuli wakaja kusimama nyuma ya kiti cha Mwanaheri kabisa, kiasi kwamba alilazimika kukunja kiwiko.

Hakuna mtu aliyewahi kusimama karibu nao hivyo. Mjini watu walikaa safu ya tatu na kuendelea, na safu ya mbele ilibaki ya wageni waalikwa ambao hawakuja. Hapa Sabina alikuwa ameinama mbele ya viola, macho kwenye upinde. Aliangalia mkono wa Tereza unavyokwenda na kurudi. Aliangalia vumbi jeupe lililoanguka kutoka kwenye upinde juu ya mbao ya viola, akanusa. Baada ya muda aliacha kunusa, ila hakunyanyuka.

Mara mbili au tatu watu wa upande wa pili walimwita. Alipunga mkono bila kugeuka.

Fidla zilikuwa zikizungumza sasa, Mwanaheri juu na Faisal akimkatiza, kama abiria wawili wanaobishana juu ya kiti. Mwanaheri alipiga vizuri kuliko mazoezini. Tereza alilisikia hilo na akajizuia asilifikirie. Chelo ikapungua, ikasita, ikakata. Wote wanne wakainua pinde.

Hapakuwa na ukimya. Ngoma za Shimba ziliingia mahali pale kama maji, na njuga, na vigelegele vya watu mia kadhaa. Tereza alikuwa ameandika kimya cha pumzi nne, na katika pumzi ya kwanza akaona kwamba hakikuwapo na hakingekuwapo. Mwanamume wa baiskeli akainua mikono ili apige makofi.

"Bado," alisema Sabina.

"Wamemaliza."

"Hawajamaliza. Mikono yao iko juu. Tulia."

Mwanamume akashusha mikono. Wauza karanga wakatazama pinde. Wazee wakatazama pinde. Kundi dogo likasimama hivyo katikati ya kelele yote, likisubiri, na mtu aliyekuwa akipita akasimama naye kwa sababu alitaka kuona wanasubiri nini. Kisha Nathaniel akateremsha upinde, na injini ikawaka.

Waliobaki walibaki. Kuondoka kulikuwa rahisi, na kila aliyeondoka angehesabiwa kwa Shimba bila mtu kumlaumu. Tereza alipiga sehemu iliyobaki huku akijua kwamba hajawahi kuipiga mbele ya mtu, na ndiyo maana kidole chake kiliteleza mahali ambapo hakijawahi kuteleza. Kipande kilikwenda hadi ng'ambo. Fidla ya kwanza ikabaki peke yake kwa sauti ndogo, ikaisha.

Walipiga makofi watu kama kumi. Mmoja wa wazee aliuliza kama ipo nyingine.

Upande wa pili ushindi ulikuwa umeshatangazwa kwa namna unavyotangazwa, yaani hakuna aliyeutangaza. Watu walikuwa kule. Shimba alibebwa kidogo, akashushwa, akafutwa jasho, kisha akavuka uwanja na baadhi ya wachezaji wake kuja kuwapa mkono walioshindwa, kama ilivyo kawaida.

"Mmeshindwa," alisema.

"Tumeshindwa, baba," alisema Tereza.

"Mmeshindwa vibaya. Lakini hamkukimbia. Wale wa mwaka juzi walikimbia na viti vya watu." Akamgeukia mkewe. "Haya. Dawa yao nini?"

"Hawana dawa."

"Tumeiona wote."

"Ni utomvu wa mti. Bila hiyo ule uzi haulii. Nimenusa, nimeangalia, hakuna kitu." Sabina alikuwa akijitoa vumbi kwenye khanga. "Kijana, mwonyeshe."

Faisal akampa Shimba kile kipande. Shimba akakigeuza, akakinusa, akakirudisha.

"Basi uligundua saa ngapi kwamba si dawa?"

"Mapema tu."

"Na mbona hukurudi?"

Wachezaji wakaanza kuguna. Mmoja akasema kwamba kiongozi ameshinda uwanja na kupoteza nyumba. Mwingine akasema leo chakula kitapikwa kule kwa wenye fidla. Shimba akawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Nakuuliza, Sabina."

"Nilitaka kujua unaishaje."

"Na unaishaje?"

"Unaisha vibaya."

Nathaniel, aliyekuwa akiifuta chelo, alisimamisha kitambaa. Faisal akatazama chini. Tangu mfululizo uanze, Tereza alikuwa ameambiwa nzuri sana na watu wengi, na kila mmoja alimpongeza kwa maneno yaleyale. Sasa aliweka viola kwenye kiti na kumfuata Sabina.

"Vibaya kivipi, mama?"

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Vibaya kivipi?"

"Mwanzo nimeupenda. Kuna kitu kinanguruma, kuna watu wanagombana, nikasema hawa wako safarini. Halafu kile kitu kinazimika. Vizuri. Nikaogopa kidogo. Halafu kinawaka. Nani amekiwasha?"

"Kilijiwasha tu. Ndivyo ilivyokuwa."

"Hakuna kinachojiwasha. Halafu wale wawili wanarudi kugombana kama mwanzo, maneno yaleyale. Watu walioogopa hawarudi maneno yaleyale. Wangenyamaza, au wangecheka. Umewafikisha ng'ambo kama vile hawakupatwa na kitu."

"Lakini mama, ndiyo maana yenyewe. Kwamba walisahau mara moja."

"Basi mimi sikuisikia hiyo maana. Nilisikia umechoka kuandika."

Mwanaheri akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Tereza hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu, na alipojibu alijibu kwa ubishi, akipigapiga kiganja chake kwa kidole, akieleza kwamba maneno hayakuwa yaleyale, kwamba fidla ya pili ilikuwa imebadilisha mahali. Sabina akamwambia kama imebadilisha basi ibadilishe mtu asikie. Mwanamume wa baiskeli akasema yeye alisikia. Mmoja wa wazee akasema hakusikia. Wauza karanga walisema mwisho ni mzuri ila mfupi. Dereva wa Noah akapiga honi, na hakuna aliyegeuka.

Shimba alisikiliza mabishano hayo akimtazama kila anayesema. Nyuma yake watu wake walikuwa wakimwita arudi, maana ngoma ya kushangilia ilikuwa inasubiri yeye tu.

"Nyinyi," aliwaambia wapigaji mwishowe. "Nipigieni na mimi huo mwisho."

"Mwisho peke yake?" aliuliza Mwanaheri.

"Ndio wanaobishania."

"Mwisho bila mwanzo utakuambia nini?" alisema Sabina. "Kaa chini usikilize wote. Na uwaambie wale wenzako watulie."

Shimba akawageukia watu wake akainua mkono. Ngoma zilinyamaza moja moja, ile ndogo ikiwa ya mwisho, na sauti za mnada zikaanza kusikika. Mwanaheri, ambaye tayari alikuwa ameifunga fidla yake, akafungua tena sanduku. Tereza akarudi kwenye kiti chake, akaitafuta kalamu kwenye mkoba, akaweka alama kwenye nota za fidla ya pili, mahali walipokuwa wakibishania, akamwambia Faisal jambo sikioni. Faisal akasema haiwezekani bila mazoezi, kisha akasema atajaribu.

Watu walianza kuvuka uwanja, kwanza wachezaji na majembe yao, wakitaka kujua kiongozi wao amekwenda kufanya nini kule. Shimba alitafuta pa kukaa. Nathaniel akamwomba asikalie sanduku la chelo, naye akakaa chini.